Nani alichimba mapango ya Dambulla: mfalme, mungu au watawa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Muscat, na wenzangu wengi kazini ni watu wa Sri Lanka. Mwaka jana mmoja wao alinialika kwao, akanipeleka kwenye monasteri ya Wabuddha iliyo mapangoni, Dambulla. Nimerudi na maswali mengi kuliko picha. Kijana aliyetutembeza alisema mapango yalichimbwa na mfalme Valagamba, aliyejificha humo miaka 14. Mzee anayeuza maua nje akasema hapana, ni kazi ya mungu Vishnu. Rafiki yangu naye anasema watawa walikuwemo kabla ya huyo mfalme. Ndani kuna maji yanadondoka kutoka darini na kukingwa; nikaambiwa hayakauki hata kiangazi, na ni dawa. Mama yangu ana miaka 67, magoti yanamsumbua. Amesikia habari hizo, sasa anataka nimpeleke, au angalau nimletee maji. Kaka yangu amekasirika: anasema nilikwenda kwa waabudu sanamu, na kwamba lile sanamu refu lililolala ni mungu wao yuko usingizini. Nani mkweli hapa? Na maji nimpe mama?"

Marahaba, ndugu yangu. Nikiyasoma maswali yako naona wasiwasi mmoja umejificha chini yake: kwamba watu watatu wamekusimulia mambo matatu, kwa hiyo wawili lazima wamekudanganya. Hakuna aliyekudanganya. Ila swali la nani alichimba hakuna aliyelijibu, maana jibu lake ni fupi mno na halina utamu: mapango yale hayakuchimbwa.

Dambulla ni mwamba mmoja mkubwa wa jiwe gumu aina ya naisi, unaosimama kiasi cha mita 160 juu ya tambarare, kilomita 72 hivi kaskazini ya mji wa Kandy. Jiwe la namna hiyo hubanduka maganda kwa maganda, kama kitunguu, kwa miaka isiyohesabika. Upande mmoja wa Dambulla limebanduka hivyo hadi paji la mwamba likabaki limechomoza mbele kama ukingo wa kofia, na chini yake pakawa na kivuli kirefu. Hicho kivuli ndicho "pango". Watu walikuja baadaye wakachonga hapa na pale, wakasawazisha sakafu, wakajenga kuta za kukigawa vyumba. Zile kuta nyeupe zenye matao zinazopendeza kwenye picha zako ni za mwaka 1938 tu, na nadhani ndizo zinazomfanya mgeni aamini kwamba kilichopo nyuma yake ni jengo lililochongwa. Kama unataka kuona monasteri iliyochimbwa kweli, nenda Ajanta, India, ambako mafundi waliingia kwenye mwamba mzima wa basalti kwa nyundo na patasi, wakatoka wameacha kumbi na nguzo zake.

Basi kazi ya binadamu iko wapi? Iko mahali ambapo karibu kila mgeni anapita bila kuinua macho. Ukirudi, usikimbilie kuingia ndani. Simama uani, tazama juu kwenye paji la mwamba, utaona mstari uliochongwa kufuata ukingo wake. Wasinhala, kabila kubwa la nchi ile, wanauita katarama. Ni kitu kidogo sana, na bila hicho Dambulla isingekuwepo.

Fundi yeyote wa nyumba anaelewa mambo haya. Ukimwaga slabu ya kibaraza bila kuchora kamfereji chini ya ukingo wake, mvua ikinyesha maji hayaanguki pale ukingoni. Yanang'ang'ania. Yanageuka na slabu, yanatambaa kwa chini kurudi ndani, na mwisho yanakudondokea kitandani. Ndiyo tabia ya maji: hupenda kushikamana na kitu kuliko kuanguka. Sasa fikiria mgongo mzima wa mlima ukimiminiwa mvua ya masika ya kule, maji yote yakishuka kwenye paji lililopinda taratibu bila kona kali. Pango la namna hiyo halilaliki. Lakini chonga mstari mmoja wenye ukingo mkali, na maji yakifika hapo hayana pa kushika. Yanaanguka nje kama pazia. Nyuma ya pazia panabaki pakavu. Mtu anaweka mkeka. Baada ya karne nyingi mtu mwingine anaweka lipu ya udongo na kuchora juu yake, na rangi zinadumu.

Kwa nini watawa ndio waliokuwa na haja hiyo? Kwa sababu ya sheria yao wenyewe. Buddha aliwataka wafuasi wake watembee, wasiwe na makazi, wale walichopewa bakulini. Lakini miezi mitatu ya mvua walitakiwa kutulia mahali pamoja. Kipindi hicho huitwa vassa. Sasa mtu asiye na nyumba atatulia wapi mvua ikinyesha? Ubuddha ulipoingia kisiwani katika karne ya 3 KK, ukiletwa, kwa masimulizi yao, na mtawa Mahinda huko Mihintale, jambo la kwanza lililohitajika lilikuwa mapango makavu. Mengi yalitayarishwa, kila moja na katarama yake, na Dambulla peke yake ina mapango zaidi ya 80, ingawa wageni huoneshwa 5.

Rafiki yako basi yuko sawa. Na ushahidi haupo vitabuni tu, umeandikwa kwenye mawe. Chini ya katarama za mapango ya kale ya nchi ile kuna maandishi mafupi ya Brahmi, hati ya kale ya India na Sri Lanka, na mengi yanafuata maneno yaleyale: pango hili limetolewa kwa watawa "wa pande nne, waliofika na wasiofika bado". Msomaji wa pwani ataitambua sauti hiyo mara moja. Ni wakfu! Hakupewa fulani bin fulani, wala wanawe. Limetolewa kwa jumuiya, pamoja na mtawa ambaye hajazaliwa. Na waliotoa hawakuwa wafalme peke yao: wamo wakuu wa vijiji, wenye nyumba wa kawaida, na wanawake kwa majina yao.

Sasa tuje kwa mfalme, maana kisa chake ni kizuri na sitaki ukiache njiani.

Valagamba, au Vattagamani Abhaya kwa Kipali, lugha ya vitabu vya Wabuddha wa kule, alishika enzi Anuradhapura, mji mkuu wa kale, mwaka 103 KK na hakukaa hata mwaka. Wakuu saba wa Kitamil walitua na majeshi kutoka India ya kusini, wakampiga vitani. Mfalme akakimbia kwa gari la farasi. Alipopita kwenye makao ya watawa wa dini nyingine, Wajaini, mmoja wao aliyeitwa Giri akapiga kelele: yule Msinhala mkubwa mweusi anakimbia! Mfalme akalimeza neno lile. Garini alikuwa na mkewe Anula, mjamzito, na watoto wawili, na mke mwingine, Somadevi. Gari lilikuwa zito. Somadevi akakubali kushuka, mfalme akamwachia kito cha tajini mwake, akaenda zake. Mmoja wa wale saba akamchukua Somadevi akavuka naye bahari. Mwingine akachukua bakuli la Buddha akarudi nalo kwao, ameridhika. Watano waliobaki walitawala wakipokezana, na kupokezana kwenyewe kulikuwa kwa kuuana, zaidi ya miaka 14. Mwaka 89 KK Valagamba alirudi, akamuua wa mwisho, akabomoa makao ya yule Mjaini mwenye mdomo, na juu yake akajenga monasteri kubwa ya Abhayagiri. Kisha akatuma watu wamrudishe Somadevi, akamrudishia heshima yake na kumjengea monasteri kwa jina lake.

Haya yamo katika Mahavamsa, kitabu cha historia kilichotungwa na watawa miaka zaidi ya 500 baada ya mambo yenyewe. Ukikisoma vizuri utaona jambo la kushangaza: mahali mfalme alikojificha pametajwa, na si Dambulla. Panatajwa msitu wa Vessagiri, kisha sehemu mbili nyingine. Huko Vessagiri alikutana na mtawa Mahatissa, aliyempa chakula. Mfalme hakuwa na cha kumlipa, basi akawapa watawa ardhi na kuandika hati yake kwenye jani la ketaka. Ketaka ni jamii ya mkadi, huohuo ambao maua yake dada zetu wa pwani wanavaa kichwani. Mfalme asiye na ufalme anagawa ardhi asiyoishika, kwenye jani la mkadi! Mimi kila nikifika hapo nacheka, kisha naacha kucheka, kwa sababu aliporudi kitini ahadi zake kwa Mahatissa alizitimiza.

Hapo ndipo unapoona hadithi inafanya kazi gani. Tembea Sri Lanka nzima, utaoneshwa mapango mengi sana na kuambiwa kila moja kwamba Valagamba alilala hapa. Angelala kote huko, miaka 14 isingemtosha. Kwa maoni yangu hadithi ile ni hati. Monasteri inayosema "mfalme alijificha kwetu, akarudi kutushukuru" inasema pia kwamba mashamba yetu ni ya shukrani ya mfalme, asiyaguse mtu. Kwetu nako, kumbukumbu za Kilwa zinasema sultani wa kwanza alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Hakuna anayepima nguo. Msikilizaji anaambiwa tu: tuna haki ya kuwa hapa.

Na hati hiyo imewahi kutumika, tena karibuni. Julai 1848, watu wa Matale walipoasi dhidi ya kodi za Waingereza, walimpeleka kiongozi wao Gongalegoda Banda kwenye hekalu la Dambulla wakamtawaza huko kuwa mfalme. Kwa nini wasimtawaze uwanjani tu? Nadhani kila mwanakijiji pale alijua ni pango la nani: la mfalme aliyefukuzwa na wageni, akarudi. Uasi ulizimwa upesi, Banda akafukuzwa nchini. Kijana aliyekutembeza anakusimulia kisa kile bila kujua kwamba kiliwahi kuwa hatari.

Mzee wa maua naye usimdharau. Pango la kwanza linaitwa Devaraja Lena, pango la mfalme wa miungu, na huyo ni Vishnu. Sanamu yake imo humo, karibu na kichwa cha Buddha. Kwa Wabuddha wa Sri Lanka yeye ni mlinzi wa kisiwa na wa dini yao. Tena, ukiondoa jina, mzee amekukaribia kuliko mtembezaji: anakwambia hapakuchimbwa na mtu.

Sanamu refu la humo lina mita 14, na limechongwa katika mwamba uleule, halijaletwa. Kaka yako amekosea mambo mawili. Kwanza, Buddha alikuwa mtu, na Wabuddha wanasema hivyo wenyewe: aliyezaliwa, akapata mwanga wa kweli, akazeeka, akafa akiwa na miaka 80. Hawamwiti muumba. Pili, hapo halali usingizi. Anakufa, au kwa lugha yao anaingia parinibbana, na aliyesimama miguuni pake ni Ananda, mwanafunzi aliyemhudumia. Wenyeji watakufundisha kuangalia vidole vya miguu: vikilingana sawasawa, anapumzika, mguu mmoja ukirudi nyuma kidogo ya mwenzake, ndiyo safari ya mwisho.

Na yale maua? Kuna ubeti wa Kipali unaosomwa wakati wa kuyaweka: kama maua haya yanavyonyauka, ndivyo mwili wangu unavyoelekea kuharibika. Hayo ndiyo mafundisho. Lakini nisikupake mafuta: watu ni watu. Ndani ya mahekalu yale utakuta mama anamwomba Vishnu au Saman mtoto afaulu mtihani, na mafundisho yasikike au yasisikike. Huyo Saman, sanamu yake imo pango la pili, ni mlinzi wa mlima wenye alama ya unyayo kileleni, ambao Wabuddha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, na Waislamu wanasema ni wa Nabii Adam. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika Sarandibu, yaani Sri Lanka, mwaka 1344 na kuupanda mlima huo. Kama inafaa kwa imani yako kuingia mahali kama Dambulla kutazama, hilo si swali la mtu wa mambo ya kale. Kaa na sheikh wako, mweleze ulichofanya humo na usichofanya, na usimwachie kaka yako atoe fatwa kwenye simu.

Jambo moja hukuuliza lakini nalisahihisha, kwa kuwa wengi hurudi wakisema wameona michoro ya miaka 2,000. Sehemu kubwa ya uliyoona ni ya karne ya 18, enzi za Kirti Sri Rajasinha wa Kandy, mfalme ambaye ukoo wake ulitoka India ya kusini na ambaye alitumia mali nyingi kuhuisha Ubuddha. Kabla yake, mnamo 1190, Nissanka Malla alipaka dhahabu sanamu 73, ndipo jina Rangiri, mwamba wa dhahabu, lilipopatikana. Kila aliyekuja alichora juu ya mwenzake. Michoro ina mita za mraba 2,100, na katika pango la pili, lenye urefu wa mita 52, wachoraji hawakulisawazisha dari: walifuata mikunjo yake, basi ukiangalia juu unadhani umeingia chini ya hema la khanga linalopepea.

Sasa maji. Mwamba una nyufa. Mvua inayonyesha juu ya mgongo wake haishuki yote. Nyingine inazama nyufani na kusafiri polepole, ikatokea darini muda mrefu baada ya mvua kwisha. Ndiyo maana yanadondoka hata jua likiwaka. Ajabu, ndiyo, na ni ileile tabia ya maji ya kung'ang'ania, ila safari hii katarama haiwezi kuyazuia kwa sababu yanapita ndani ya jiwe. Watawa wameyapokea badala ya kushindana nayo: yanakingwa na kutumika kwa ibada.

Usimpe mama ayanywe, wala asiyapake machoni. Yamepita nyufani, yamekaa wazi penye popo na maelfu ya wageni, na hayakuwekwa pale yawe ya kunywa. Tena ni ya hekalu; kuchota bila ruhusa ni utovu wa adabu. Magoti ya miaka 67 yanataka daktari ayashike kwa mkono wake, aangalie kama ni kusagika kwa viungo au ni jambo jingine, na amwambie kama anaweza kupanda ngazi. Mwone daktari kabla hujakata tiketi, maana kufika mapangoni ni ngazi mamia kwa mamia, na kushuka huumiza magoti kuliko kupanda. Goti likivimba, likiwa la moto, au likimwangusha ghafla, asingoje safari yoyote.

Daktari akiruhusu, mpeleke. Pandeni asubuhi mapema, kwa kuwa viatu vinavuliwa na uwanja wa jiwe huwa kikaango kufikia saa sita. Mchukulie soksi nene. Mabega na magoti yafunikwe, kofia zivuliwe. Msipige picha mkiwa mmeipa sanamu mgongo. Wenyeji hawafanyi mzaha na hayo, na mwaka 2014 mtalii wa Kiingereza alirudishwa kwao kwa sababu ya tatoo ya Buddha mkononi. Mfuko wa karanga ufiche, kima wa pale ni wezi wazoefu.

Mama akichoka, muache akae kwenye pango la nne, ni dogo na lina kivuli. Katikati yake kuna stupa ndogo, yaani kuba la ibada la Wabuddha. Mwambie wanasema vito vya Somadevi vilifichwa humo, na kwamba wezi waliivunja kuvitafuta. Atakuuliza kama alisamehe kushushwa garini.